Kijiji ambacho hakimo kwenye orodha

Ndugu wasikilizaji, nanyi familia mliokimbia vijiji vya Kabambare mkafikia hapa Kasongo, leo siwaletei habari ya mapigano. Ninaleta habari ya orodha ndogo iliyo ndani ya simu.

Hivi karibuni nilimkuta mama mmoja amekaa nje ya uwanja wa ugawaji, mtoto mgongoni, mikono mitupu. Watu walikuwa wakiitwa kijiji kwa kijiji. Yeye alingoja kijiji chake hadi jua likageuka. Hakikuitwa. Jina lake lilikuwa limesomwa asubuhi, katikati ya watu wa kijiji ambacho hajawahi kukanyaga.

Siku ya kuandikwa, kijana mwenye simu alitafuta kijiji cha mama, upande wa Wamaza. Hakikuwemo. Fomu ilikataa kuendelea bila jibu. Kijana akagusa jina la kwanza kwenye orodha, akapita kwa mtu mwingine.

Kosa hilo ninalijua, maana nimewahi kuishi nalo. Kabla ya kushika mikro nilifanya kazi Katanga, katika kiwanda kimoja cha shaba, kwenye chumba cha kuongozea mashini. Kazi yangu ilikuwa kutazama kioo na kuchagua. Kwa kila pompi kulikuwa na orodha: Simama, Mkono, Otomatiki. Mimi nilisoma maneno, lakini mashini haisomi maneno. Inapokea namba tu: 0, 1, 2. Aliyetengeneza kioo ndiye aliyefunga kila neno na namba yake.

Siku moja fundi aliongeza neno jipya, Kusafisha, akaliweka katikati. Otomatiki ikasukumwa kutoka 2 hadi 3, na mashini haikuambiwa. Usiku nilichagua Otomatiki kama kawaida. Kioo kiliniambia nimefanya vema, kumbe pompi ilipokea amri isiyokuwa yangu. Tope lilimwagika hadi mlangoni. Asubuhi niliulizwa mimi, kwa sababu kidole kilikuwa changu.

Mkubwa wetu wa kazi, mzee mwenye maneno machache, alitufundisha mambo manne. Neno jipya liongezwe mwisho, namba za zamani zisiguswe. Orodha ianze na "bado hujachagua", ili asiyechagua asihesabiwe kama aliyechagua. Kuwe na mlango wa "nyingine", wenye nafasi ya kuandika. Na kabla ya kutuma, kioo kiulize: je, ni hiki kweli?

Simu za kuandikisha watu zinafanya vilevile. Agenti anaona jina la kijiji. Nyuma yake kuna alama fupi, na hiyo ndiyo inayofika ofisini. Wa ofisini hakuona uso wa mama. Anaona alama, anapanga magunia kwa alama.

Simlaumu kijana peke yake. Mbele yake kulikuwa na mstari mrefu, jua kali, na orodha iliyotengenezwa mbali na watu ambao hawajavuka Luama. Lakini pompi ikikosewa tope husafishwa. Mtoto akikosa chakula wiki mbili, utasafisha nini?

Basi mama zangu, baba zangu, mkiandikwa ombeni agenti awasomee kwa sauti alichochagua: jina, kijiji, idadi ya watoto. Kama kijiji chenu hakimo, msikubali jirani yake. Semeni: "Andika nyingine, halafu andika jina lake." Jetoni muitunze. Nanyi mnaotengeneza orodha, kaeni kwanza na machifu na wazee waliokimbia. Wanavijua vijiji vyote, hata vile vilivyoungua.

Yule mama tulimsindikiza kwa msimamizi, na kijiji chake kimeandikwa mwisho wa orodha. Hapo hapo mwisho ndipo mahali pake pazuri.