Ufa wa Tangi

Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Katika nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni, ufa unaotisha zaidi ni wa tangi la plastiki, lile lijulikanalo mitaani kwa jina la simtanki. Mwaka 2022, ukame ulipopunguza maji ya Mto Ruvu na bomba likawa la mgao, mwenye tangi zima alikuwa na akiba; mwenye tangi bovu aliamka akakuta uwanja umelowa na ndoo ni kavu.

Plastiki hiyo, polithini, haipatani na gundi: hushikwa leo, kesho ikabanduka. Kwa hiyo fundi stadi hulikausha tangi, husugua kingo kwa msasa, hutoboa kitundu katika kila ncha ya ufa ili usiendelee, kisha kwa chuma cha moto huyeyusha kingo hizo pamoja na kipande cha plastiki ya jinsi ile ile. Moto ukizidi huunguza, ukipungua haushikanishi.

Mama mmoja mwenye wapangaji alimwuliza fundi, “Mwanangu, litadumu?”

Fundi alitazama chini ya tangi, akajibu, “Mama, ufa ulianzia kwenye matofali haya.”

Tangi lilikuwa limekaa upande. Lita 1,000 za maji ni uzito wa kilo 1,000, na uzito huo wote ulielemea pahali pamoja. Siku ile matofali yalipangwa upya kwanza, ndipo chuma kikatiwa motoni.