Maisha Nyuma ya Mwimbaji

Nimekula jasho langu kwa kupiga fidla katika bendi za kantri, na karibu kazi yangu yote nimeifanya nyuma ya mtu anayeimba. Jina la kwenye bango si langu, na nyimbo nilizoshiriki kuzirekodi zinajulikana kwa majina ya wengine. Wapo wanaoyaona maisha ya namna hii kuwa ya mtu aliyekwama njiani, aliyelitamani jukwaa akalikosa. Sikubaliani nao. Kumsindikiza mwimbaji ni ufundi kamili, wenye elimu yake na heshima yake, na historia ya kantri haielezeki bila watu walioushika ufundi huo.

Ni kweli kwamba fidla haikuanzia nyuma. Mpiga fidla Eck Robertson wa Texas alirekodiwa na kampuni ya Victor mjini New York mwezi Juni 1922, na santuri yake ni miongoni mwa za mwanzo kabisa za muziki huu. Mwaka uliofuata Fiddlin' John Carson akarekodiwa Atlanta, na mauzo yake yakawaonyesha wafanyabiashara kwamba watu wa mashambani kusini mwa Marekani nao ni wanunuzi. Tarehe 28 Novemba 1925, redio WSM ya Nashville ilipoanza kipindi kilichokuja kuitwa Grand Ole Opry, aliyekaa mbele ya maikrofoni alikuwa mpiga fidla, Uncle Jimmy Thompson, mzee wa miaka 77. Baadaye waimbaji wakashika usukani, na fidla ikasogea nyuma. Wengi wanakuita huko kushushwa cheo. Mimi naona kazi ilibadilika: anayepiga muziki wa kuchezwa hujaza nafasi yote, lakini anayesindikiza wimbo lazima ajue nafasi ipi ni yake na ipi si yake.

Nafasi hiyo ni ndogo sana. Mwimbaji akimaliza mstari huvuta pumzi, na ndani ya pumzi hiyo mna mapigo mawili matatu. Fidla ikiwahi, inayakanyaga maneno. Ikichelewa, inamkuta keshaanza mstari mwingine. Upinde unagusa nyuzi mbili kwa pamoja, uzi mmoja ukitulia na kidole kikiteleza juu ya wa pili hadi sauti zikutane: hicho ndicho kilio anachokitambua mpenzi wa kantri. Msikilizaji wa taarabu ya Unguja au Mombasa hahitaji kuelezwa haya, kwani amezoea kusikia fidla ikimwitikia mwimbaji. Studioni Nashville, kipindi cha kawaida cha kurekodi huwa cha muda wa saa tatu, na ndani yake hutakiwa nyimbo kadhaa zikamilike. Mara nyingi hakuna noti zilizoandikwa. Kuna karatasi yenye tarakimu, 1, 4, 5, kila moja ikisimamia kundi lake la noti zinazopigwa pamoja. Mwimbaji akitaka ufunguo upandishwe au ushushwe, tarakimu hazibadiliki, vidole ndivyo vinavyohama. Anayedhani hiyo si elimu kwa kuwa haikufundishwa darasani, na aijaribu.

Kuna hoja nzito zaidi dhidi yangu. Kama fidla ni muhimu hivyo, mbona mwishoni mwa miaka ya 1950 Nashville iliiweka kando? Rock and roll ilikuwa imewachukua vijana, na watayarishaji kama Chet Atkins na Owen Bradley wakaweka ala laini za nyuzi za okestra na waitikiaji wa kwaya ili kuwavuta wanunuzi wa mijini. Wapiga fidla wengi walikosa kazi. Lakini tazama ni nani walioirudisha. Kumbi za dansi za Texas hazikuiacha, kwa sababu wachezaji walikuwa bado wanautaka muziki wa mpiga fidla na kiongozi wa bendi, Bob Wills. Mwaka 1970 Merle Haggard, mwimbaji aliyekwisha kupata umaarufu, alitoa albamu nzima ya kumuenzi Wills na akajifunza fidla kwa ajili ya albamu hiyo. George Strait alipotoa wimbo wake wa kwanza wa kampuni kubwa mwaka 1981, fidla ilikuwa mbele. Waimbaji wenyewe ndio walioona pengo.

Wengine watasema: sawa, lakini jina linapotea. Arnold Shultz, mpiga fidla na gitaa Mweusi wa Kentucky, alifariki mwaka 1931 bila kuacha rekodi hata moja. Hata hivyo Bill Monroe, aliyeasisi bluegrass, alitamka waziwazi kwamba alijifunza kwake. Mpiga fidla Johnny Gimble, aliyefariki 2015, aliingizwa katika Country Music Hall of Fame mwaka 2018 ingawa umaarufu wake ulijengwa zaidi kwenye nyimbo za wengine. Kuhusu malipo sitetei kitu: mara nyingi mpigaji hulipwa ujira wa kipindi, wimbo ukaendelea kuuzwa miaka na miaka bila yeye kupata mgao wa haki. Hiyo ni dhuluma ya mikataba, na dawa yake ni mikataba bora. Haiuondolei ufundi thamani yake. Basi kijana anayeshika upinde leo asione haya kusimama nyuma, ila adai jina lake liandikwe na ujira wake ulipwe. Nawe msikilizaji, wimbo ukikugusa, tafuta pia majina ya waliopiga.