Kizazi Kilichorithi Mchoro

Sisi tulioanza kufundisha baiolojia baada ya uhuru tuliingia darasani na mchoro. Seli ya mmea ilichorwa ubaoni kwa chaki: ukuta nje, kiini ndani, na pembeni mifuko bapa iliyopangana, imeandikwa Golgi. Mwanafunzi alijibu kwamba kazi yake ni kufungasha na kusafirisha, akapata alama zake, somo likasonga mbele. Kizazi chetu kilisomesha maelfu kwa vifaa haba, na najivunia walimu wenzangu. Lakini vijana wanatudai neno moja: tuliwapa mchoro bila njia iliyouleta.

Njia hiyo ni ndefu. Mwaka 1898, mjini Pavia, Italia, Camillo Golgi alitia seli za neva za bundi rangi ya fedha, akaona wavu mweusi ndani yake. Kwa miongo mingi wapo waliosema ni kasoro ya rangi tu, hadi hadubini ya elektroni ilipokata ubishi katika miaka ya 1950. Hata hivyo, kukiona kitu si kujua kazi yake.

Mwaka 1965, kwetu, Kitivo cha Sayansi cha chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, huko Cambridge, wanasayansi Northcote na Pickett-Heaps walitoa taarifa ya jaribio ambalo ningependa kila mwalimu alijue. Waliilisha mizizi ya ngano glukosi nururifu kwa muda mfupi, wakaibadilisha kwa glukosi ya kawaida, kisha wakachunguza mizizi kwa vipindi tofauti, wakiuliza ule mnururisho umefika wapi. Kwanza ulikuwa katika Golgi, baadaye katika vifuko vinavyochomoka hapo, mwishowe ukutani na katika ute wa ncha ya mzizi. Basi Golgi ya mmea haifungashi tu kilichotengenezwa kwingine. Inaunda.

Sukari huingia humo ikiwa imetayarishwa kwa kushikizwa kwenye nyukliotidi, na vimeng'enya huiunga moja baada ya nyingine mpaka pektini na hemiselulosi zipatikane. Selulosi yenyewe hufumwa kwenye utando wa seli, lakini vimeng'enya vinavyoifuma hupitia Golgi kwanza. Kinachonistaajabisha hadi leo ni kwamba hakuna kielelezo kinachosomwa herufi kwa herufi, kama protini inavyosomwa kutoka kwenye jeni. Mpangilio hutokana na kimeng'enya kipi kipo, kipo kwenye mfuko upi, na kinatambua nini mbele yake. Kwa utaratibu huo huundwa pektini moja yenye aina zaidi ya kumi za sukari, zilizoungwa kwa namna zaidi ya 20.

Hata wakati wa kukaza umepangwa. Pektini hutoka Golgi ikiwa imefunikwa kwa vikundi vya methili. Ikishafika ukutani, vimeng'enya vingine huviondoa, kalsiamu inashikanisha minyororo, na ukuta unakuwa mgumu. Ungekaza mapema, seli isingerefuka.

Waliotufuata walipata jenomu ya mmea wa Arabidopsis mwaka 2000, wakaanza kuvitambua vimeng'enya hivyo kimoja kimoja. Hawakuanzia hewani: walijua wavitafute wapi kwa sababu kuna watu waliokuwa wameifuata sukari hatua kwa hatua.

Kwa hiyo, mwalimu kijana, otesha punje za mahindi kwenye karatasi yenye maji. Waache wanafunzi waguse ncha ya mzizi na kuhisi utelezi wake, kwani ute huo umetoka katika Golgi. Kisha, kabla hujawatajia jina lolote, waulize: mngethibitishaje ute huu umeundwa wapi? Wabishane, wapendekeze majaribio, wakosoane. Kizazi chetu kiliwafundisha watoto kujibu mtihani. Kizazi chenu kina nafasi ya kuwafundisha kudai ushahidi, na taifa linalotaka wanasayansi wake lenyewe haliwezi kuwapata kwa njia nyingine.