Makao ya Kasi

Chini ya mwarobaini mmoja mjini Shinyanga, kando ya barabara itokayo Mwanza, huketi fundi mzee wa baiskeli. Mbele yake kuna spoku, minyororo, pampu, na beseni la maji la kutafutia tundu la mpira. Nchi ile ni tambarare, na kwa miaka mingi mkulima wa pamba, muuza mkaa na mwanafunzi wamesafiri kwa nguvu ya miguu yao wenyewe. Siku hizi pikipiki zimekuwa nyingi, na baadhi ya wanaosimama mbele ya fundi huja kutia upepo na kuzungumza tu.

Asubuhi moja kijana alisimamisha pikipiki yake hapo, akavua kofia yake ngumu, akaamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoka wapi mapema hivi?"

"Mwanza, babu. Nimekuja kwa saa moja na dakika arobaini. Njia hii hakuna aliyenishinda. Nimevunja rekodi."

Mzee hakuinua uso. Alimaliza kukaza nati aliyokuwa nayo, kisha akauliza, "Nani alikushikia saa?"

"Mimi mwenyewe."

"Na pale Maganzo ulimwona nani?"

Kijana alifikiri kidogo, akacheka. "Sikumwona mtu, babu. Nilikuwa mbioni."

"Watu walikuwapo," mzee alisema. "Ila wewe hukuwaona."

Maswali hayo mawili, la saa na la watu wa njiani, yanatosha kumpima kila mtu aliyepata kujivunia kasi tangu motokaa ilipoundwa. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita maswali kama hayo yaliwakabili Waingereza, na jibu walilotoa lilijengwa kwa zege.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1903 iliikataza motokaa kupita mwendo wa maili 20 kwa saa katika barabara za watu wote, yaani kama kilometa 32. Waundaji wa motokaa walilalamika kuwa hawana mahali pa kujaribia kazi za mikono yao. Tajiri mmoja, Hugh Locke King, akatoa sehemu ya ardhi yake karibu na mji wa Weybridge, akajenga kwa fedha zake uwanja ulioitwa Brooklands. Ulifunguliwa Juni 1907. Umbo lake lilikuwa kama yai lililobonyea upande mmoja. Mzunguko wake wa nje ulikuwa wa maili 2 na robo tatu hivi, karibu kilometa 4.4, na upana wake mita 30. Gharama zilimwelemea Locke King hata mkewe, Ethel, akalazimika kusimamia mambo ili kazi isife.

Ajabu ya uwanja huo ilikuwa katika pembe zake. Chombo kiendacho mbio hutaka daima kwenda moja kwa moja, na kikipindishwa hutupwa nje. Kwa hiyo zege la pembeni liliinuliwa kama ukuta uliolala, likafika karibu mita 9 kwenda juu, ili mwinamo wenyewe umrudishe dereva ndani. Yaani wajenzi walikubali tangu mwanzo kwamba kasi ni kitu chenye hatari, wakakipa nyumba yenye kuta, milango na mshika saa. Nje ya kuta hizo barabara ilibaki mali ya mtembea kwa miguu, farasi na mtoto.

Siku chache tu baada ya kufunguliwa, Selwyn Edge aliingia na motokaa yake aina ya Napier, akaiendesha mwenyewe kwa saa 24. Usiku aliongozwa na taa zilizopangwa kando ya njia. Alipomaliza alikuwa amekwenda maili 1,581, wastani wa karibu maili 66 kwa kila saa. Majirani, hata hivyo, hawakupata usingizi, na malalamiko yao yakafanya mbio za usiku zipigwe marufuku. Hata kasi iliyofungiwa ndani ya kuta zake iliulizwa habari za watu wa nje, na ilibidi ijibu.

Tarehe 15 Februari 1913, Percy Lambert, akiwa na motokaa aina ya Talbot, alikuwa mtu wa kwanza kwenda zaidi ya maili 100 ndani ya saa moja. Alizunguka na kuzunguka hata akatimiza maili 103 na zaidi. Wengine wakaja kumpita. Tarehe 31 Oktoba ya mwaka uleule alirudi kuidai tena rekodi yake, na inasimuliwa kwamba alikuwa ameahidi iwe mara ya mwisho, kwa maana alikuwa karibu kuoa. Mpira wa gurudumu ulipasuka, motokaa ikapinduka, naye akafa. Alikuwa na mshika saa, tena uwanja ulikuwa wake peke yake. Deni la kasi alilipa mwenyewe, wala hakumlipisha mpita njia hata mmoja.

Mwisho akaja John Cobb. Tarehe 7 Oktoba 1935 aliuzunguka uwanja wa nje kwa mwendo wa maili 143.44 kwa saa, karibu kilometa 231, katika Napier-Railton yenye injini ya ndege. Mzunguko wote ulimchukua dakika moja na sekunde chache. Miaka minne baadaye vita vilianza. Uwanja ukageuzwa kuwa mahali pa kuundia ndege, zege likakatwa hapa na pale, na mwaka 1946 ukauzwa kwa waundaji wa ndege. Cobb mwenyewe alikufa mwaka 1952 katika ziwa la Loch Ness huko Uskochi, akitafuta rekodi ya kasi majini. Rekodi yake ya Brooklands haikuvunjwa, wala haitavunjwa kamwe, kwa kuwa mahali pa kuivunjia hapapo tena. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Je, rekodi isiyoweza kuvunjwa ni heshima au ni kaburi? Thamani ya rekodi ni kwamba humwita mwingine ajaribu juu ya sakafu ileile, chini ya saa ileile. Uwanja wa Indianapolis, Marekani, uliofunguliwa mwaka 1909, ungali hai. Huko mwaka 1996 Arie Luyendyk alifanya mzunguko mmoja kwa maili 237.498 kwa saa, karibu kilometa 382. Tangu wakati huo kanuni za mchezo zimezidi kutazama usalama, na hakuna aliyempita. Lakini kila mwaka wapo wanaozunguka palepale, na kwa hiyo rekodi ile ingali swali. Ile ya Cobb ni jibu lisilokuwa na swali tena.

Afrika Mashariki nayo iliwahi kuchagua kati ya mzingo na njia. Katika Bonde la Ufa, upande wa Nakuru, palikuwa na mzingo wa motokaa ulioitwa Langa Langa. Inasimuliwa kwamba Eric Cecil alimwalika binamu yake, Neil Vincent, ashindane hapo, naye Vincent akakataa. Kwake hapakuwa na jambo la kuchosha kama kuzunguka mahali pamoja; afadhali watu waingie katika motokaa zao, wavuke nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika awe mshindi. Wazo la mwanzo lilikuwa kulizunguka Ziwa Viktoria. Huo ungekuwa mzingo mkuu kuliko yote, nao ungelazimika kupita Mwanza na nchi ya Geita. Lakini mvua za masika zilitisha, na ajuaye udongo mweusi wa mbuga za Usukuma unavyoshika gurudumu hatawalaumu waliolighairi. Njia nyingine ikatafutwa, na mwishoni mwa Mei 1953 yakaanza mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo tangu 1960 yalijulikana kama Safari ya Afrika Mashariki.

Safari ilikuwa kinyume cha Brooklands. Iliitoa kasi katika nyumba yake, ikaipeleka kwenye njia za watu, katikati ya matope, mifugo na vijiji. Kwa hiyo kipimo chake nacho kiligeuka. Mwaka 1963 waliondoka 84, wakafika 7. Majina ya hao saba yaliheshimiwa kwa sababu walifika, na mwaka 1968 wakafika saba tena. Barabara ilikuwa imewafundisha madereva neno ambalo mzee wa Kiswahili alilijua zamani: kawia ufike.

Hata hivyo, Vincent hakusema kweli yote alipoudharau mzingo. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1,500, yaani mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja wenye umbo la yai. Alitangulia tangu mwanzo, hakumwachia mtu nafasi, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia. John Walker, aliyemfuata, naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola muda wa Bayi ulidumu hadi mwaka 2022. Hapo kasi ilikuwa nyumbani kwake: saa ilishikwa na wengine, njia ilikuwa tupu, na aliyeshindwa alirudi kwao mzima. Mzingo haumchoshi ila asiyejua kinachopimwa.

Na huko Geita pia upo mzingo. Mgodi mkubwa wa dhahabu ulioanza kazi mwaka 2000 ulichimba mashimo ya wazi, na malori makubwa kuliko nyumba yakawa yakishuka kwa njia ya kuzunguka, yakipakia mawe na kupanda tena. Katika kazi ya namna hiyo kila mzunguko huhesabiwa, tangu lori linapopakiwa hadi linapomwaga na kurudi. Lakini mwendo una mpaka wake, na dereva anayeuvuka hapewi sifa. Hutolewa kwenye usukani. Wenye mgodi wanajua kwamba lori likikimbia peke yake halichimbi dhahabu zaidi. Basi kijana anayezuiwa kukimbia shimoni, ambako hakuna mtoto wala mbuzi, kwa nini akimbie penye watoto na mbuzi?

Wasukuma wanayo mashindano yao ya kale, na hayo hayana saa. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hucheza ngoma zao upande huu na upande ule wa uwanja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Hapo hakuna awezaye kujitangazia ushindi mwenyewe. Ushahidi ni macho ya watu, na asiyewaona watu hawezi kushinda.

Fundi wa Shinyanga hakumsimulia kijana mambo ya Brooklands. Alimtilia upepo, akapokea fedha yake, akarudi kwenye nati zake. Juma lililofuata kijana alikuja tena kutoka Mwanza, jua likiwa limepanda. Mzee hakumwuliza alitumia saa ngapi.

"Maganzo ulimwona nani?"

"Palikuwa na ng'ombe wanavuka, babu," kijana akasema, "na mtoto mdogo nyuma yao, fimbo yake ndefu kuliko yeye. Nilisimama mpaka wakaisha."

Mzee akainua uso, akamsogezea kigoda.