Binti Naye Ashike Kompyuta

Wamama wa Tunda, wengi wenu mnaniuliza njiani: "Mwalimu, watoto wanafanya nini kule kilabuni kila Jumamosi? Kompyuta ni mbili tu, na wao ni zaidi ya ishirini." Swali hilo ni la haki. Leo nalijibu, kisha nina ombi.

Kwanza, si kila siku tunawasha mashine. Jua likikosa, paneli haijazi betri. Siku kama hiyo tunatumia katoni. Tunakata vipande vitano na kuchora nukta: 1, 2, 4, 8 na 16. Watoto watano wanasimama mbele, kila mmoja na kipande chake. Aliyezaliwa tarehe 19 anawapanga wenzake: 16, 2 na 1 vinaonyeshwa, 8 na 4 vinageuzwa. Kwa vipande hivyo vitano tu, tarehe zote za mwezi zinapatikana, hadi 31. Hivyo ndivyo kompyuta inavyohesabu: umeme upo au haupo. Nilipokuwa nasomea ualimu kule Kindu, tuliyaandika mambo hayo na kuyakariri. Watoto hawa wanayajua kwa kuyashika.

Siku ya jua tunafungua Scratch, programu ya bure iliyotoka mwaka 2007 katika chuo cha MIT, Marekani. Ukiisha kuiweka katika mashine, haihitaji intaneti, na lugha ya Kiswahili imo. Mtoto anapanga amri moja juu ya nyingine kama anayepanga matofali, na picha inatembea. Amri ikikaa mahali pabaya, picha inakwama, na mtoto anatafuta mwenyewe kosa liko wapi.

Kazi iliyonifurahisha zaidi muhula huu ilitoka kwa wasichana watatu. Walitengeneza jedwali la likelemba: wamama 10, kila mmoja franka 5,000 kwa juma. Jumla ya 50,000 inatokea yenyewe. Wakiandika kwamba mmoja ametoa 3,000, jumla inashuka hadi 48,000, na mbele ya jina lake linaonekana deni la 2,000. Sisi tuliowahi kugombana juu ya daftari la likelemba tunajua faida ya jambo hilo.

Lakini kati ya hao watatu, mmoja tu ndiye bado anakuja. Wengine Jumamosi ni siku yao ya maji, ya kufua na ya kutwanga sombe. Kaka zao wanakuja bila taabu.

Sisemi binti asifanye kazi ya nyumbani. Mimi mwenyewe nimetwanga na bado natwanga. Nasema hivi: somo la historia mtoto akilikosa, ataliandika kutoka daftari la mwenzake. Kazi ya mikono haiandikwi hivyo. Akikosa Jumamosi mbili, anakuta wenzake wameshika mashine na yeye anabaki mtazamaji. Hata kilabuni, wavulana walikuwa wanakaa mbele na wasichana wanapewa kalamu. Sasa tumeweka sheria: kila baada ya robo saa, mkono unabadilika. Sheria hiyo haimsaidii binti ambaye hayupo.

Wengine wananiambia mashine si kazi ya mwanamke. Mwaka 2013, roboti za kuongoza magari zilisimamishwa barabarani Kinshasa. Zilitumia nguvu ya jua, kama kilabu yetu. Aliyeongoza kazi ya kuziunda ni mama Mkongomani, injinia Thérèse Izay Kirongozi. Naye alianza kwa kuwa msichana aliyepewa nafasi ya kujifunza.

Ombi langu ni dogo. Jumamosi, kuanzia saa nane hadi saa kumi, mwache binti aje. Maji yachotwe asubuhi, na kaka yake abebe bidoni moja. Sombe itwangwe akirudi, au kaka ashike mchi, hautamwuma.

Na wewe mama, usingoje kusimuliwa. Njoo Jumamosi moja na daftari la likelemba ya kikundi chenu, ukae karibu na binti yako, na yeye akuonyeshe.