Tarehe ya Kurudi

Miaka ya tisini, tarehe ya kurudi kliniki ilitunzwa mahali pawili: kwenye kadi ya mtoto na kichwani mwa nyanya yake. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa mvulana wa shule katika kijiji cha magharibi mwa Kenya dada yake mkubwa alipojifungua mtoto wa kwanza. Kadi ilivikwa mfuko wa nailoni, ikalazwa chini ya godoro pamoja na karatasi za shamba. Nyanya hakujua kusoma. Aliuliza tu, "Sista amesema lini?" kisha akahesabu masoko: soko hili, la pili, la tatu, na la nne ni kliniki.

Hesabu hiyo haikukosea kwa sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, za kukinga dondakoo, kifaduro na pepopunda, maana kati ya moja na nyingine ni wiki nne kamili. Surua ndiyo iliyosahaulika. Hiyo husubiri hadi miezi 9, na kufikia wakati huo mama amesharudi shambani, mtoto anatambaa na kucheka, na hakuna anayeona sababu ya kumtembeza mbali akadungwe ilhali haumwi. Dada alikumbushwa siku moja alipopita karibu na zahanati akienda kusaga mahindi. Muuguzi alimwita kutoka dirishani, "Mama, surua ya mtoto iko wapi?" Alirudi kesho yake.

Kisha zikaja simu. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata mzee asiye na wa kumpigia alitaka laini.

Watafiti waliiona nafasi hiyo. Kati ya mwaka 2013 na 2014, katika vijiji 152 vya kaunti ya Siaya, waliandikisha walezi 2,018 wa watoto wachanga na kuvigawa vijiji hivyo mafungu manne. Fungu moja halikupata kitu. La pili lilipata ujumbe mfupi kabla ya kila tarehe ya chanjo. La tatu na la nne yalipata ujumbe na, kwa aliyefika kwa wakati, shilingi 75 au 200. Watoto walipotimiza mwaka mmoja, waliokamilisha chanjo walikuwa asilimia 82 katika fungu la kwanza, 86 katika mafungu mawili ya katikati, na 90 kwa waliopewa shilingi 200. Tofauti ya hili la mwisho tu ndiyo iliyokuwa kubwa kiasi cha kutodhaniwa kuwa bahati.

Mwandishi anazisoma takwimu hizo kwa heshima kwa akina mama wale. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikamilisha bila kutumiwa chochote. Waliobaki, wengi wao, hawakupungukiwa na kumbukumbu. Walipungukiwa na nauli, au na mtu wa kuwashikia kibanda asubuhi nzima. Ujumbe huijua tarehe, lakini haulipi boda.

Hata hivyo kuna chanjo ambayo ukumbusho ni uhai wake. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa Homa Bay. Ratiba yake Kenya iliwekwa miezi 6, 7, 9, na ya nne miezi 24. Miezi kumi na mitano katikati! Soko gani la kuhesabu hapo?

Yule mtoto wa mfuko wa nailoni sasa ni mama mwenyewe. Amebadilisha laini, kama wengi, na ujumbe wa zahanati kuhusu sindano ya nne ya mwanawe ukaangukia simu ya mumewe aliyeko Nairobi. Alipiga nyumbani jioni hiyo. Msimu wa kupalilia ulikuwa umeshika kasi, siku ikapita. Aliyemaliza kazi alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa zaidi ya 100,000 waliozinduliwa na serikali mwaka 2023 wakiwa na mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari za kila kaya. Alifika uani, akaomba kijitabu cha mama na mtoto, akapitisha kidole kwenye safu ya malaria na kusema, "Ya nne bado." Akaeleza kwamba kuchelewa si kukosa, sindano bado inafaa. Mtoto alidungwa wiki hiyo, akiwa na miezi 26.