Siku Nne Chini ya Mlima Hanang'

Wengi wenu hunijia kwa habari za ndoa, nami huwajibu kwa maneno niliyofundishwa darasani. Leo nataka kuwapa habari ya safari, maana neno lililotushinda nyumbani kwetu muda wa miaka miwili lilifunguka njiani, likamalizika katika mji mdogo wa mlimani.

Sisi twakaa Shinyanga, na kabla ya hapo nalifundisha miaka tisa upande wa Geita. Mwaijua nchi yetu: tambarare ndefu, mawe makubwa yaliyobebana, vumbi la kiangazi na joto la alasiri. Wakaao karibu na machimbo huamshwa na karasha zikisaga mawe, na jioni hulala wakisikia habari za duara lililotema na duara lililojaa maji. Ni nchi ya kazi, nasi twaipenda. Lakini katika kazi hiyo mume na mke waweza kukaa nyumba moja miezi mingi wasiongee ila habari za ada ya shule na za wageni wanaobisha hodi.

Mimi na mwenzangu tulioana bila fungate. Siku ya tatu baada ya arusi naliitwa kwenda kituo kingine, nikaenda. Basi mwaka jana, mavuno yalipokwisha na watoto walipokwenda kwa shangazi yao, nikamwambia, "Mama, nimepewa siku nne za kupumzika. Na twende mahali penye mlima na baridi, tukakae fungate yetu." Akacheka, kisha akauliza, "Mahali gani?" Hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipoanza.

Moyo wangu ulitaka Lushoto, katika milima ya Usambara. Nalisikia sifa zake tangu ujana: mji ambao Wadachi waliuita Wilhelmstal, wakaupenda kwa ubaridi wake, barabara ipandayo kutoka Mombo kwa kona nyingi, peasi na plamu sokoni, na Irente, mahali ambapo mtu husimama ukingoni akaitazama nchi ya chini kama atazamaye bahari. Mke wangu hakubisha. Alikunja vidole akahesabu: "Siku moja hata Arusha au Moshi. Siku ya pili hata Lushoto. Siku ya tatu na ya nne kurudi. Basi, Baba, fungate yetu tutaikalia katika viti vya gari."

Nikataja Marangu, chini ya Kilimanjaro, mlima wenye mita 5,895, ambao hauna mwenzake katika Afrika. Huko kuna migomba na kahawa, na maporomoko ya maji ya Kinukamori. Lakini hata Marangu ni mbali, tena mahali pale pamezoea wageni watokao ng'ambo, na bei za nyumba nyingi za kulala zimezoea mifuko yao. Nikasema, "Fedha ikipungua nitakopa." Aliposikia neno hilo akanyamaza, akaenda kutazama moto jikoni. Sikuelewa mara ile.

Jirani yetu mmoja, dereva, ndiye aliyetuonyesha njia. Akasema, "Mwalimu, mbona mwauruka mlima mkaenda kuutafuta mwingine? Magari ya Arusha hupita Katesh kila siku. Mkiondoka alfajiri, alasiri mmefika." Maneno yake yalikuwa kweli. Mji wa Katesh u chini ya Mlima Hanang', katika Mkoa wa Manyara, na kutoka Singida ni kama kilomita 65 tu, barabara ya lami. Mlima wenyewe unapita mita 3,400, nao ni mmoja wa milima mirefu kabisa ya Tanzania, ingawa jina lake halitajwi sana.

Tuliondoka kabla ya jua. Tulipita Tinde, Nzega na Igunga, tukavuka mbuga ya Wembere, na baada ya Shelui gari likaanza kuupanda ukuta wa Sekenke. Hapo nikataka kumfurahisha mwenzangu kwa elimu yangu. Nikamwambia ya kuwa machimbo ya dhahabu ya Sekenke ni ya kale kuliko ya Geita. Wadachi walichimba huko kabla ya Vita Kuu ya kwanza. Na mwaka 1916, fedha ilipowaadimikia vitani, walipiga sarafu za dhahabu mjini Tabora kwa dhahabu ya Sekenke, za rupia 15, zenye picha ya tembo na nyuma yake mlima.

Mke wangu alitazama nje ya dirisha kitambo. Kisha akasema polepole, watu wa karibu wasisikie: "Basi dhahabu yao ilionekana. Na ile yangu iko wapi?"

Ndugu zangu, nalinyamaza toka pale hata Singida. Miaka miwili nyuma, kijana mmoja tuliyemlea kama mwanetu alinijia akitaka fungu la fedha kwa ajili ya duara alilolichimba na wenzake. Aliniahidi ya kwamba nitapata sehemu. Nami nikachukua fedha ya karanga, karanga alizolima mke wangu kwa mikono yake, nikampa kijana bila kumwuliza mwenyewe. Mvua zikaja, duara likajaa maji, kijana akaenda kutafuta machimbo mengine. Mke wangu alipojua, alisema, "Haya," wala hakusema tena. Nami nikadhani "haya" ile ni msamaha. Kumbe ilikuwa ni mlango uliofungwa.

Tulipotoka Singida, baada ya muda Hanang' ukaonekana. Husimama peke yake katika nchi ya wazi, wala hauna ndugu wa kuegemeana naye kama ile milima ya Usambara. Gari likienda, mlima wakua. Mawingu yalikuwa yameuzunguka kiunoni na kilele kikiwa juu yake. Mwenzangu akanigusa mkono, akasema, "Tazama." Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Sekenke.

Katesh si mji wa fahari. Kuna soko, maduka, nyumba za wageni za kiasi, na barabara ipitiwayo na magari makubwa. Wairaqw na Wabarabaig huja mjini, baadhi yao wakiwa na mashuka na fimbo zao. Usiku ule baridi ilituingia hata tukaomba blanketi la pili. Ndani hakuna mtu aliyebisha hodi, wala mgonjwa, wala mwenye shauri. Tukakaa tukinywa chai, na mke wangu akasema yote aliyoyafungia miaka miwili. Hakupiga kelele. Alisema, "Fedha si kitu. Uliniona kama sipo." Sikuwa na neno la kujitetea. Nikamwambia, "Nimekosa. Nisamehe." Naliwafundisha watu neno hilo miaka mingi, lakini kwake nilikuwa sijalisema.

Siku mbili zilizofuata tulitembea. Hatukupanda kileleni, kwa kuwa kilele chataka siku nzima ya miguu yenye nguvu na kiongozi ajuaye njia, tena msitu wa juu umehifadhiwa. Tulikwenda kando ya mashamba chini ya mlima, tukikaa tulipochoka. Wenyeji walitueleza habari za Ziwa Balangida, lililo ng'ambo ya mlima, ambalo wakati wa kiangazi hukauka pembeni likawa jeupe kwa chumvi, na watu huikusanya.

Walitueleza na habari ya huzuni, nami yanipasa kuwaambia ninyi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, ubavu wa mlima huu uliteremka kwa tope, mawe na magogo, ukafunika nyumba za Katesh na vijiji vya karibu, na watu zaidi ya 80 wakafa. Kwa hiyo atakaye kwenda asiende wakati wa mvua kubwa. Kuanzia Juni hata Septemba ni kiangazi. Baridi ni kali, lakini njia ni kavu. Tena aingiapo mjini na akumbuke ya kuwa waliomkaribisha wamezika watu wao.

Siku ya nne tulirudi. Tulipoteremka Sekenke, mke wangu alikuwa amelala, kichwa chake begani pangu. Nyumbani tulipatana ya kwamba fedha ya karanga itakaa mkononi mwake, na kila fedha itokayo nyumbani tutaijua wawili.

Basi, wasomaji, mtu akitaka kumpeleka mwenzake milimani, asianze kwa kuuliza ni mji gani wenye sifa. Kwanza na ahesabu siku, asije akazimaliza barabarani. Pili na ahesabu fedha, maana safari ya kuponya nyumba haifai kurudi na deni. Tatu na aangalie majira. Na lililo kubwa, amwulize mwenzake, kisha angoje jibu. Mimi nalitaka mji wa kupigia picha. Yeye alitaka siku mbili bila hodi. Alichagua vema kuliko mimi.

Nawasalimu nyumba zenu zote.